Herufi Tatu Zilizomshinda Mwanao

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, na lile goti liwe limeacha kukusumbua kila unapopanda ngazi za chumba chenu cha kufulia. Baba ameniambia hospitali imewaletea mashine mpya za kukaushia mashuka. Nimefurahi, maana ulivyokuwa ukizisimulia zile za zamani nilidhani siku moja utatuambia zimemeza mkono wa mtu. Na yule msimamizi wenu wa kununa, bado ananuna au ameshapata mchumba?

Sisi hapa hatujambo. Presha ya baba imetulia, ingawa chumvi bado anaiba. Mama alikuwa na kikohozi lakini sauti ya kutugombeza haikupungua hata kidogo. Bibi amepata miwani mipya, sasa anaona vumbi hata mahali lisipokuwepo. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho zinakuja.

Najua unaruka mistari kumtafuta mwanao. Yupo, anakula, analala, na mashati yake yamenyooka. Nakuomba usiruke. Umeshasikia upande wake kwa simu, umesikia na wa baba, na wangu hakuna aliyeuuliza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza nikiwa maabara, mgongo nimeegemeza ukutani. Ulisema, “Mwanangu, wewe Mungu amekujalia akili. Mwenzio hana kitu kingine. Mwachie.” Halafu ukaniomba niiandikie kamati ya nidhamu ya chuo kwamba ile kazi tuliifanya wawili, mimi na yeye, na niandike kabla hawajakaa kikao. Nilikusikia vizuri kabisa. Ninakujibu kwa kalamu kwa sababu kwa simu ungelia, na wewe ukilia mimi nalainika kama ugali wa juzi uliotiwa maji.

Kuhusu nafasi yenyewe, hilo umeshalisikia: wamenipa mimi. Ni nafasi moja tu ya kusomea uzamivu, yenye ufadhili, katika kituo cha utafiti kilichopo huko huko mjini kwako. Tangazo lake lilipobandikwa kwenye ubao wa idara, mtu wa kwanza kumwambia ulikuwa wewe. Ulipiga kelele mpaka wenzako wakadhani umefiwa. Ulisema chumba chako kidogo utakipaka rangi upya.

Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba mtoto wa kaka yako anasomea kuvunja vyuma. Hukosei sana. Somo letu linaitwa mekanika ya yabisi, nalo linauliza swali ambalo hata wewe unaliuliza ukiona kitanda cha mgonjwa kimelegea: kitu hiki kigumu kitabeba mzigo mpaka lini, na kitakapovunjika kitaanzia wapi? Chuma huchoka, Shangazi. Ukikivuta na kukiachia, ukakivuta na kukiachia, hata kwa nguvu ndogo, ndani yake unaanza ufa usioonekana kwa macho, na ufa ule unatembea. Maabara tuna mashine ya kazi hiyo hiyo. Tunaiita mashine ya kuchosha, na fundi wetu wa maabara kila asubuhi akiingia huniuliza, “Leo tunamchosha nani?”

Kazi yangu ilikuwa kwenye viungio vya kuchomelea. Nilichukua vipande vya chuma vya aina moja, nikavichomelea kwa namna moja, kisha nikavipoza kwa njia tatu tofauti: vingine nilivitumbukiza kwenye maji, vingine niliviacha hewani, vingine nilivifukia kwenye mchanga wa moto vipoe polepole. Halafu vyote vikaenda kwenye mashine. Nilitaka kujua kipi kitakufa mwanzo na kwa nini.

Ilibidi nivitie alama, na kipande chenyewe chembamba, nafasi ya herufi tatu tu, nazipiga kwa nyundo. Wenzangu huandika namba. Mimi namba zinanichosha, nikavipa majina ya ndugu zangu. Vya maji vilikuwa vigumu lakini vinavunjika ghafla bila kuaga. Nikaviita BBM, Baba Mkubwa, na wewe kaka yako mkubwa unamjua, hahitaji maelezo. Vya hewani vinapinda, vinalia, vinalalamika muda mrefu kabla ya kukatika. Hivyo ni MMD, Mama Mdogo. Vya mchangani vilikataa. Mashine ilivivuta mpaka mkanda wake wenyewe ukakatika, tukaufunga mwingine, na kipande bado kizima. Hivyo nikaviita SHG. Fundi alipojua maana yake akawa ananipokea mlangoni, “Shangazi ameamkaje?” Nami namjibu, “Shangazi hajambo, bado anabeba.”

Sikuwahi kukuambia. Niliona haya kidogo. Nilitaka nije nikuambie nikiwa nimekaa jikoni kwako.

Sasa tumfikie mwanao, Bwana Pasi. Jina hilo tulimpa sote, na wewe ulicheka ulipolisikia, kwa kuwa mtu anayepiga pasi mpaka soksi hakulikosa jina. Unajua nilivyoishi naye. Ulipoondoka kwenda kazini huko mbali, ulimwacha mikononi mwa baba, tukakua chumba kimoja na kula sahani moja. Na kila tulipogombania kitu, neno la nyumba hii lilikuwa moja. Baiskeli, mwachie. Meza ya kusomea, mwachie, mama yake yuko mbali. Mchoro wangu wa shule ulioshinda alipoupeleka kwa mwalimu kwa jina lake, mwachie, wewe utachora mwingine. Mimi nikachora mwingine. Nadhani tangu siku ile aliamini mimi ni kisima, ukichota kinajaa.

Chuoni tulisoma idara moja. Yeye alikuwa na utafiti wake wa plastiki zilizotumika, na aliniapia kwamba hizo ndizo atakazoombea nafasi. Maabara haendi sana, anasema mafuta ya mashine hayatoki kwenye kola. Lakini ana mkono wa kupendezesha, sitamnyima haki yake. Grafu zangu zilikuwa mbaya, mistari imepandana kama kamba za kuanikia nguo. Nikampa kwenye flashi nikamwambia, binamu yangu, nipangie rangi hizi. Akanipangia vizuri mno. Nikamshukuru na soda nikamnunulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kilikuwa kimepigwa pasi.

Siku ya usaili tuliitwa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Waombaji tulikaa nyuma pamoja na wanafunzi waliokuja kusikiliza, kila mmoja anaitwa kwa zamu yake kueleza utafiti wake. Mbele lilikaa jopo: msimamizi wangu, wakubwa wa idara, na profesa mgeni aliyetoka kwenye kile kituo cha huko kwako, mama mrefu aliyekuwa amevivua viatu vyake chini ya meza kwa sababu vilimbana. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Bwana Pasi akaomba aanze.

Slaidi ya kwanza ilipowaka ukutani, niliona viungio vyangu. Ya pili, mchanga wangu. Ya tatu, grafu zangu na rangi zake. Shangazi, sikutetemeka. Watu husema hasira ni moto. Yangu ilikuwa baridi, ilinishuka mpaka kwenye vidole vya miguu na ikakaa huko kwa utulivu. Nilitaka kusimama nipige ukelele wa mwizi. Kisha nikaziona zile herufi. Hakuzibadilisha. Alikuwa amezikuza na kuzipaka rangi ya buluu, SHG, katikati ya slaidi, na katika muda wote ule aliokaa nazo hakuwahi kuniuliza ni nini. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa na muda.

Yule mama akainua kalamu. “Samahani kijana. Hizi herufi, SHG, ni nini?”

“Shinikizo Geuzi,” mwanao akajibu, wala hakumeza mate.

Na ilipendeza! Hata msimamizi wangu, ambaye ripoti zangu huzisaini bila kuzisoma, aliandika. Angeishia hapo huenda angepona, lakini sifa zilimponza, akaongeza na nyingine ambazo hakuulizwa. BBM akasema ni Bamba Bapa la Mkazo. MMD, Mvuto wa Mada Duni. Nilimwona fundi wa maabara pale mlangoni ameshika kinywa kwa mikono miwili.

Zamu yangu ikafika. Nikafungua slaidi zangu, grafu zilezile, za kwangu zikiwa bado zimepandana. Ukumbi ukaguna. Yule mama akavivaa viatu vyake.

“Kazi hii tumeionyeshwa sasa hivi,” akasema.

“Ndiyo, mama, nami nimeiona.”

“Na wewe, SHG unaiitaje?”

“Shangazi.”

“Nani?”

“Shangazi. Dada yake baba.”

Fundi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akatoka nje. Nikaeleza moja baada ya jingine, Baba Mkubwa na ghafla yake, Mama Mdogo na malalamiko yake, na wewe na ukaidi wako. Nikatoa vipande kwenye mkoba nikavipanga mezani. Nikaomba ruhusa nimuulize mwenzangu swali moja, nikapewa. Nikaenda mpaka alipokaa nikamwekea SHG mkononi.

“Hiki ulikipoza vipi?”

Akakigeuzageuza. “Kwenye maji,” akasema.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba chuma kilichostahimili hivyo hakikutoka kwenye maji. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningerudi kukaa, na nafasi ningeipata vilevile. Sikukaa. Nililigeukia jopo nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, “Shangazi huyo ni mama yake mzazi. Mama yake ameandikwa pale kwa herufi kubwa, na hakumtambua.”

Hilo ndilo lililokuuma, najua. Baba anasema nilimvua nguo mwenzangu mbele za watu bila sababu. Sababu ninayo. Nilikusudia kumvua kila kitu, abaki hana hata soksi. Maana niambie, Shangazi: tangu tunafundishwa kufunga kamba za viatu anasikia mimi nikisema Shangazi kapiga simu, Shangazi anasalimia, Shangazi kasema tule mboga. Mara ngapi? Lakini kwake wewe ni Mama tu, na Mama ni wake peke yake. Haijawahi kumpitia kichwani kwamba kuna mtu mwingine aliye nawe kwa jina jingine. Angeniibia chuma kilichoandikwa namba, asingeshikwa. Aliniibia wewe, ndiyo maana alishikwa.

Nyumbani tulikalishwa sebuleni. Baba alisema damu ni nzito kuliko maji na yaliyopita yamepita. Mama alisema aibu ya mmoja ni ya wote. Msimamizi wangu naye alikuwa ameshaniita ofisini, akanishauri tuyamalize kimya kimya, jina la idara lisichafuke. Kila mmoja alikuwa na jina la kulinda, langu hakuna aliyelitaja. Bibi peke yake aliniuliza kama nimekula.

Nilingoja aombe radhi. Nakuapia, nilingoja kweli, na kama angekuja na neno moja la mtu mzima huenda leo ningekuwa naandika barua nyingine. Alikuja. Alisimama mlangoni kwangu, shati jeupe, mikunjo ya mikono kama wembe, akasema, “Lakini na wewe, si ungeitikia tu hiyo Shinikizo Geuzi? Ungepungukiwa nini? Wewe ungepata nyingine.” Nikamfungia mlango. Mlango wenyewe haufungi vizuri, ikabidi niupige teke.

Basi sasa pokea jibu lako, Shangazi. Uliomba niandike kabla ya kikao. Kikao kilikaa Ijumaa. Ujumbe wako nilikuwa nao muda wote ule, na kalamu nilikuwa nayo. Nilikaa kimya kwa makusudi ili barua hii ikufikie wakati hakuna tena cha kuniomba.

Kamati iliniita. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, alinirahisishia, ilibaki niseme ndiyo. “Je, mlifanya pamoja?” Nikasema hapana. “Hakukusaidia chochote?” Nikasema alinipangia rangi za grafu. Akaandika. Mwanao alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ananitazama kama mtu anayengoja kupokezwa sahani, na mpaka nasimama kuondoka nadhani bado alikuwa anangoja.

Wamemfukuza chuo, Shangazi. Hawakumsimamisha, wamemfukuza. Akikuambia kwa simu kwamba kikao kimeahirishwa, na najua ndivyo anavyokuambia kwa kuwa kuta za nyumba hii ni nyembamba, usimsadiki. Baba tangu juzi anashika simu anaiweka chini, hajui aanzie wapi. Kwa hiyo nakuambia mimi. Nilitaka uyasikie kwangu.

Usiniulize kama nimeridhika. Nimeridhika. Jana nilifua, nikala, nikalala mchana kutwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi pole yangu imekwisha, niliigawa yote tangu utotoni kwa amri yenu. Najua na wewe uliniamuru, kwa upole wako wote, na hilo ndilo ninalolibeba kwa taabu kuliko wizi wenyewe. Uliponitumia ujumbe ule ulijua nani mwizi. Ulijua, na bado ukanitaka mimi ndiye niachie.

Viza imetoka. Nitafika huko mwezi ujao, tarehe atakuambia baba akipata sauti. Kituo kina bweni lake na nimeshaomba kitanda, kwa hiyo usijisumbue na rangi ya kile chumba. Sitakuja kwako mpaka uniite, nawe usiniite kwa huruma. Siku ukinipigia, uniulize habari zangu kwanza. Ukianza na za mwanao nitakata simu, Shangazi, hata kama unalia.

Baba, mama na bibi wanakusalimu sana. Bibi anasema ukiona sweta nene la bei nafuu umkumbuke, magoti yake na yako ni ya fundi mmoja. Nisalimie jirani yako muuguzi na yule mama mnayekunja naye mashuka, mwambie vichekesho vyake vilinifikia. Mwanao hakunipa salamu, hajui kwamba nakuandikia.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri baada ya kuisoma barua hii, kama si leo, basi kesho.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye bado, na niliyekukasirikia.